Stonehenge: brashi ya Constable au kamera ya puto?

Ukitaka kuiona Wiltshire ya zamani, kule Uingereza, kuna picha mbili zinazovutana za Stonehenge, lile duara la mawe makubwa ya kale. Mchoraji Mwingereza John Constable alifika pale mwaka 1820 akachora haraka kwa penseli. Rangi ya maji aliitia miaka kumi na tano hivi baadaye, na kazi ikaonyeshwa London mwaka 1836. Mawe yanaelemea huku na huku, mbingu imechafuka, upinde wa mvua ni wa mikunjo miwili, na pembeni sungura anatimua mbio. Ni mbingu ya kumbukumbu, si ya siku ile. Ukiitafuta hali ya hewa ya kweli humo, utapotea.

Mwaka 1906 Luteni Philip Henry Sharpe alipiga picha kutoka kwenye puto la jeshi. Hapo hakuna huzuni: duara la mawe linaonekana dogo kama vipande vya muhogo uani, na njia za mikokoteni zimekatiza kando yake. Kwa mtafiti, hii ndiyo yenye faida, kwani mchoraji aliyesimama chini hawezi kuuona wote ule mtaro wa mviringo unaoyazunguka mawe.

Ukutani kwangu, hata hivyo, ningetundika ya Constable. Sungura yule amenishinda.