Usiku mmoja Ngezi, kumtafuta bundi wa Pemba

Mama aliposikia nakata tiketi ya boti kwenda Pemba kumfuata bundi, alisema "Astaghfirullah" mara mbili. Kwetu Unguja bundi akitua juu ya paa anafukuzwa, mimi namfungia safari! Lakini huyu ni bundi mdogo, urefu kama sentimita 18 tu, na duniani kote yupo Pemba peke yake. Sifa hiyo anashirikiana na ndege wenzake watatu: ninga, chozi na kinengenenge wa Pemba.

Hao watatu niliwapiga picha mchana bila jasho. Bundi ndiye aliyenipeleka Msitu wa Ngezi usiku.

Tuliingia baada ya Magharibi, mimi na mwongozaji, mtu mzima mwenye maneno machache. Mimi nilitaka tutembee, yeye akanikalisha chini ya mvule. "Kaa, mwanangu. Sikiza kwanza." Nikakaa. Mbu wa pale hawana haya, vaeni mikono mirefu. Karibu saa nzima ikapita, nikaanza kuhesabu pesa zangu kichwani.

Kisha: hu. Sauti moja fupi, kama mtu kapuliza mdomo wa chupa. Kimya. Hu tena. Mwingine akajibu kutoka upande wa pili wa njia. "Mume na mke hao," akaninong'oneza.

Nikatoa simu nimchezee sauti niliyoipakua, asogee. Mzee akaifunika kwa kiganja. Ukimchezea, alisema, anaacha kutafuta chakula anakuja kugombana na mtu ambaye hayupo. Fleshi nayo akaikataza. Nikanuna, sikufichi, nilikuwa nimebeba lenzi ya kilo mbili. Ila hatimaye alinionesha: kwenye tawi la chini, rangi ya kutu, macho ya njano, katulia hata hakutushughulikia. Alikaa dakika nyingi, na nadhani asingekaa hivyo kama ningepewa uhuru wangu.

Nilipiga picha zaidi ya 60 kwa mwanga wa tochi iliyoelekezwa pembeni. Karibu zote zimetikisika. Moja imetoka: jicho moja kali kabisa, la pili lipo nyuma ya jani.

Kasoro haikuwa ya msitu. Gari niliyokodi mjini Chake Chake ilichelewa saa moja na nusu, halafu dereva akagoma kungoja usiku, tukarudi Konde kwa bodaboda, mshikaki, na lenzi mapajani. Patana na dereva kabla hujaondoka mjini, na uliza mapema kama kiingilio na ujira wa mwongozaji ni kitu kimoja. Mimi nilidhani ni kimoja.

Kwa mwongozaji natoa nyota tano. Kwa gari, moja, na hiyo ni kwa sababu redio ilikuwa nzuri.

Picha nimeichapisha. Mama kakataa isitundikwe sebuleni, ipo chumbani kwangu nyuma ya mlango.