Vaniqa, krimu ya eflonithini 13.9%: hainyoi, inachelewesha

Mwanamke anayetarajia ndevu zidondoke atajutia pesa yake. Krimu hii huzuia kimeng'enya kinachokuza unywele, basi. Wembe au uzi unaendelea kama kawaida. Ukishanyoa, ngoja angalau dakika 5, paka utando mwembamba kidevuni na juu ya mdomo, sugua mpaka uingie. Mara 2 kwa siku, zipishane saa 8. Usinawe uso kwa saa 4. Wengi hukosea hapa: wanapaka, kisha wanaingia kuoga. Nafuu huanza wiki ya 4 hadi ya 8. Miezi 4 bila badiliko, achana nayo. Ukiiacha, ndevu hurudi zilivyokuwa ndani ya wiki 8 hivi. Huweza kuchoma na kuleta chunusi. Ajabu, eflonithini hiihii, si krimu, hutibu ugonjwa wa malale! Hedhi ikiruka-ruka, huenda ndevu zinatokana na homoni; zipime kwanza.