Akili mnemba kwenye kesi za ndoa na watoto: ipe karatasi, usiiombe sheria

Programu za mazungumzo kama ChatGPT, Gemini, Copilot na Claude zina kazi moja kubwa wanayoiweza kwelikweli katika mashauri ya familia: kupanga karatasi ambazo tayari unazo. Ukizipa taarifa za benki, risiti, jumbe za simu na amri ya mahakama iliyokwisha kutolewa, utapata kwa dakika chache jedwali ambalo lingekula siku mbili. Ukiziuliza "je, nitapewa watoto?", utapata insha safi, yenye kujiamini, na huenda inaeleza sheria ya nchi nyingine. Alama tunazozipa hapa zinatofautiana sana kulingana na kazi unayozipa.

Tuanze na kinachofanyika vizuri: orodha ya matukio kwa tarehe. Hakimu wa shauri la malezi hana muda wa kusoma jumbe elfu mbili. Anataka kurasa mbili zenye tarehe, tukio, na namba ya kielelezo kinachothibitisha. Toa mazungumzo ya WhatsApp kama faili la maandishi, bila picha, kisha yagawe kwa vipande vya miezi mitatu mitatu. Ukipakia ya miaka mitatu kwa mkupuo, programu huweza kuruka sehemu za katikati, na haikwambii kwamba imeruka. Agizo linalofanya kazi ni hili: "Tumia faili hili tu. Tengeneza jedwali la tarehe, nani aliandika, maneno yenyewe bila kuyabadili, na mada. Pasipo na tarehe, andika HAIPO." Sehemu ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, programu isiporuhusiwa kuacha pengo, hulijaza yenyewe.

Angalia mpangilio wa tarehe. 03/04 yaweza kuwa tarehe 3 Aprili au 4 Machi, kutegemea mipangilio ya simu iliyotoa faili. Jedwali likionyesha kwamba mzazi mwenzako hakuja kumchukua mtoto siku ambayo wala haikuwa zamu yake, wakili wake hahitaji hoja nyingine; ataisoma hiyo moja na kuuliza mangapi mengine yamekosewa. Vivyo hivyo kwa risiti za mkono zilizopigwa picha: 1 na 7, 3 na 8 huchanganywa. Linganisha kila tarakimu na risiti yenyewe.

Hesabu za matunzo ya mtoto zinahitaji jicho kali zaidi, kwa sababu makosa yake hayaonekani. La kawaida ni kugeuza matumizi ya wiki kuwa ya mwezi kwa kuzidisha mara 4. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo mwezi mmoja ni wiki 4.33. Chakula cha 10,000 kwa wiki ni takriban 43,333 kwa mwezi, si 40,000. Kwa mwaka mzima umejipunja 40,000. Ada inayolipwa kwa muhula nayo hugawanywa kwa miezi ya muhula, badala ya kujumlisha ada za mwaka mzima na kuzigawa kwa miezi 12.

Kosa la pili ni la kuhesabu usiku, na lina uzito pale ambapo kiwango cha matunzo hutegemea mtoto analala kwa nani mara ngapi. Chukua mzazi anayekaa na mtoto kila wikiendi ya pili, usiku 2, pamoja na nusu ya likizo za wiki 12. Programu yaweza kujumlisha 52 (wikiendi 26) na 42 (wiki 6 za likizo), ipate 94. Si sahihi, kwa kuwa wikiendi 6 zimo ndani ya likizo hizo na zimehesabiwa mara mbili. Wiki 40 za masomo zina wikiendi zake 20, yaani usiku 40. Ongeza 42 za likizo, jibu ni 82. Iagize iorodheshe usiku mmojammoja kwenye kalenda ya mwaka ndipo ijumlishe, na uikague hiyo kalenda.

Kuandika hati ya kiapo? Hapa tunaipa alama ya chini, ingawa lugha yake hupendeza. Shida ni kwamba hunogesha. Unaandika "mtoto alilia aliporudi", inakurudishia "mtoto alionyesha dalili za msongo mkubwa wa kisaikolojia". Hilo hukuliona, wewe si daktari, na umeliapia. Utakapoulizwa maswali ya dodoso na wakili wa upande wa pili utaanguka kwenye sentensi ambayo hata si yako. Andika mwenyewe kwa maneno yako, kisha iombe irekebishe tahajia na kugawa aya kwa namba, isiongeze kivumishi hata kimoja.

Kuna matumizi mazuri ambayo watu huyasahau. Programu hizi huegemea upande wa anayeandika. Imesikia upande wako tu, hivyo itakwambia una haki. Igeuze: "Wewe ni wakili wa upande wa pili. Soma maelezo yangu, taja hoja tano dhaifu na swali utakaloniuliza kwa kila moja." Majibu yanauma, lakini yanakuandaa vizuri kuliko sifa.

Sasa sheria yenyewe. Mwaka 2023, New York, wakili aliwasilisha hukumu zilizotungwa na ChatGPT. Alikuwa ameiuliza programu hiyohiyo kama kesi ni za kweli, ikamjibu ndiyo. Faini ilikuwa dola 5,000. Ile haikuwa kesi ya familia, lakini mwaka 2024 British Columbia, Kanada, ilitokea katika shauri la malezi: hukumu mbili ambazo hazipo, na wakili akaamriwa kulipa sehemu ya gharama kutoka mfukoni mwake. Usidhani programu zinazouzwa kwa mawakili zimeponyoka. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wa mwaka huohuo ulikuta zilizopimwa zikitoa majibu ya kubuni kwa kati ya asilimia 17 na 33 ya maswali. Kwa hiyo kila kifungu kifungue kwenye sheria rasmi pamoja na marekebisho yake, na kila hukumu itafute kwenye hifadhi ya mahakama. Isipopatikana, ifute.

Penye ndoa za kiserikali, za kidini na za kimila kwa pamoja, programu huchanganya kanuni za ndoa hizo kwenye aya moja bila kukuuliza ulifunga ipi. Mtoto akipelekwa nje ya nchi, huueleza vizuri Mkataba wa Hague wa 1980, wa kurejesha watoto waliopelekwa nchi nyingine kinyume cha haki, na ule mwaka mmoja ambao baada yake hoja ya kwamba mtoto ameshazoea makazi mapya hupata nguvu; lakini husahau kuuliza kama mkataba huo unafanya kazi kati ya nchi hizo mbili. Suala kama hilo lina saa inayohesabu. Nenda kwa wakili leo.

Zana maalumu ni afadhali kwa sababu uwanja wake ni mdogo. Amica ya Australia, iliyozinduliwa 2020, hupendekeza mgawanyo wa mali kwa wanaoachana kwa maelewano. OurFamilyWizard, programu ya mawasiliano ya wazazi walioachana, ina kipimo kinachokuonyesha maneno makali kabla ujumbe haujamfikia mzazi mwenzako. Kipimo hiki kidogo ndicho tungekilipia.

Kuhusu siri: usitegemee mazungumzo na programu kulindwa kama yale ya wakili na mteja wake. Andika "Mtoto A", ondoa namba za akaunti, shule na anwani. Shauri likisikilizwa faragha, kupakia nyaraka zake kwaweza kuvunja amri ya mahakama, hivyo uliza kwanza. Zima ruhusa ya kutumia mazungumzo kufunzia programu. Mazungumzo ya muda ya ChatGPT, yale yasiyobaki kwenye historia yako, nayo yaweza kuhifadhiwa hadi siku 30. Na kama kuna kipigo au vitisho nyumbani, usitumie simu au akaunti ambayo mwenzako ana nywila yake, historia inasomeka.

Toleo la bure latosha kwa kusahihisha lugha. Kwa mafaili mengi lipia mwezi mmoja tu, baada ya kukusanya karatasi zote, si kabla. Shauri likishafunguliwa, muulize wakili kabla ya kufuta mazungumzo hayo: kuna mahakama zinazohesabu kufuta kama kuharibu ushahidi.