Jumuiya ya Jumamosi asubuhi: nyota nne, ya tano nimeibania

Watu wanaandika sana kuhusu makanisa, kwaya ipi kali, padre gani anahubiri vizuri, sehemu ya kupaki ipo au haipo, ila jumuiya hakuna anayeiandikia, wakati kama we ni Mkatoliki na umehamia mtaa mpya hapa Dar hiyo ndo utakutana nayo kila wiki. Basi acha niandike mimi. Jina la jumuiya sitaji wala parokia, bado nakaa huku na masufuria ya shughuli naazima kwao.

Kwa asiyejua, jumuiya ndogo ndogo ni familia za mtaa mmoja zinazosali pamoja nyumba kwa nyumba. Sio kitu cha juzi, maaskofu wa AMECEA, ule umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walikaa Nairobi mwaka 1973 wakakubaliana Kanisa la ukanda huu lijengwe kuanzia huko chini kwa watu wanaojuana, 1976 wakarudi tena kwenye jambo hilo hilo. Ndo maana leo ukitaka kubatiza mtoto au kutangaza ndoa huanzii parokiani, unaanzia kwa mwenyekiti wa jumuiya. Kwa hiyo sio klabu kwamba ukipenda unajiunga, ukipanga chumba hapo tayari we ni wa hapo, unachotakiwa ni kuja na barua ya utambulisho kutoka ulikotoka.

Huduma yenyewe sasa. Inatakiwa kuanza saa 12 na nusu asubuhi, inaanza saa moja, mzoee tu. Mikeka chini, viti vya plastiki vya wazee, wimbo, halafu Injili ya Jumapili ya kesho yake. Wale waliopitia semina wanaongoza kwa hatua saba, ile njia ya kusoma na kutafakari Injili pamoja iliyotoka Taasisi ya Lumko kule Afrika Kusini, na hapo jumuiya yetu napenda kusema ukweli iko vizuri. Hatua ya tatu unachagua neno moja au kipande kifupi kilichokugusa unakitamka kwa sauti, hufafanui, watu wanakaa kimya kidogo, anafuata mwingine. Kipindi kile cha karibu na sikukuu ya Kristo Mfalme tulisoma Mathayo 25, bibi mmoja asiyejua kusoma, yeye huwa anasikiliza tu, akasema "nilikuwa mgeni" akanyamaza, kidogo dada wa kazi wa nyumba ya jirani, kaja kutoka bara huko hana hata miezi mingi mjini, naye akasema vilevile "nilikuwa mgeni", sauti chini kabisa anaangalia mkeka. Hakuna aliyehubiri. Mahubiri ya saa nzima na spika kubwa hayajawahi kunifanyia vile. Tatizo ni siku kiongozi akiwa mpole, hatua ya tano ya kushirikishana inatekwa na mzee mmoja (kila jumuiya anaye, msijifanye) anatoka Mwanzo anaishia kwenye bei ya sementi.

Sasa chai. Hapa ndo nilipoibania nyota. Ilianza chai na maandazi, nyumba iliyofuata ikaleta chapati, ya baada yake supu, mwisho jumuiya ikifika kwa mtu unakuta meza kama kipaimara. Matokeo yake walioko kwenye chumba kimoja wakaanza kukwepa zamu, mara nimesafiri, mara mtoto anaumwa, na kwenye daftari nyumba zikawa zilezile zenye geti. Watu wanadhani ni mambo ya kisasa wakati Paulo aliwagombeza Wakorintho kwa jambo hilihili, "huyu ana njaa, na huyu amelewa", 1 Wakorintho 11, someni. Mimi kwangu jumuiya naipima hapo tu, inaingia kwenye chumba cha mpangaji au haiingii? Kama haiingii basi hata mkisali rozari nzima mmekutana wenye sebule. Kwa bahati mama mmoja akasimama kwenye matangazo akasema kuanzia sasa chai kavu, mwenye cha ziada akakile kwake usiku. Watu walinuna, ila zamu zikarudi, na siku tuliyosali kwenye kile chumba cha nyuma ya saluni, nusu yetu tukiwa koridoni kwenye ndala za watu, ndo siku nyimbo zilitoka vizuri kuliko zote.

Gharama: bakuli la sadaka, mfuko wa rambirambi, zaka, ujenzi, mavuno, sikukuu ya mtakatifu somo wa jumuiya, na bado harusi. Kijumla inauma. Ila siku ya msiba utaelewa hela ilikwenda wapi, turubai limefungwa kabla ndugu zako hawajashuka basi, kina mama wako jikoni, jioni rozari, na hakuna aliyesubiri umpigie simu. Jirani yetu alipotoka kufanyiwa operesheni uji ulipelekwa kwa zamu mpaka akasema jamani nimeshiba.

Nimesali pia na zile feloshipu za saa ya chakula cha mchana maofisini kule Posta, wenyewe wanachanganyika madhehebu yote, vitambulisho shingoni, sifa zinachemka kweli na saa nane kasoro kila mtu kwenye lifti. Nzuri, inatia nguvu ya wiki, siisemi vibaya. Ila ukikosa mwezi mzima watadhani uko likizo. Jumuiya ukikosa mara mbili katibu anagonga, na kama huna sababu ya maana andaa sura.

Lawama ya mwisho ni muhuri. Kuna viongozi wanaukalia ule muhuri kama mgambo, mama mjane anataka barua ya mtoto anaambiwa kwanza madeni ya michango. Hilo parokia iliangalie. Mengine yote nyota nne, na ukihamia huku njoo tu, muulize mama wa vitafunwa pale kona Jumamosi hii ni kwa nani. Ukija beba kanga ya kukalia, mikeka haitoshi.