Kondishena yenye behentrimoniamu kloridi: uzoefu wangu katika kiangazi cha Dodoma

Ninaponunua kondishena huanza na orodha ya viambato iliyo nyuma ya chupa, na maoni haya yanahusu kiambato kimoja ambacho naona sisi tunaofuga nywele za asili katika mikoa mikavu tunapaswa kukifahamu vizuri: behentrimoniamu kloridi, kinachofanya nywele ziteleze na kupunguza umeme unaozisimamisha zinapochanwa. Sitaji jina la kampuni, kwa kuwa kiambato hiki kimo katika kondishena nyingi za bei ya kawaida, na nilichotaka kukipima ni kazi yake. Ninayoitumia ni kondishena ya kupaka na kusuuza, chupa ya mililita 400, niliyoinunua kwa shilingi 18,000 katika duka la vipodozi hapa Dodoma. Kwenye lebo, behentrimoniamu imeandikwa nafasi ya tatu, baada ya maji na setearili alkoholi, ambayo ni alkoholi ya mafuta.

Nywele zangu ni za kipilipili, nene na ndefu kiasi cha kufungwa kwa nyuma, na sijaziweka dawa. Kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza kwenye Desemba, hewa ya hapa hukauka sana, upepo ni mwingi, na nywele zilizonyooshwa kwa draya hushika umeme mara tu chanuo la plastiki linapopita. Husikika mlio mdogo wa kuchatika, ncha huinuka na kukimbiana, na nikifunga mtandio wa nailoni, nywele za pembeni huuganda na kuufuata ninapouvua. Ncha zinazotawanyika hivyo hurudi kujisokota na jirani zake, vinatokea vifundo, na katika kufungua vifundo hivyo ndipo nywele hukatika. Kwa hiyo kwangu umeme wa nywele ni suala la kupoteza urefu nilioutunza kwa miaka, kabla hata ya suala la mwonekano.

Maelezo yaliyozoeleka husema kwamba nywele zina chaji hasi, kiambato kina chaji chanya, basi viwili hivyo hufutana na umeme unaisha. Maelezo hayo yanachanganya mambo mawili, na nimeona ni muhimu kuyatenganisha kwa sababu yanabadilisha namna ya kuitumia bidhaa. Ni kweli kwamba unywele uliolowa, katika maji ya kawaida, huwa na chaji hasi juu ya uso wake. Hiyo ndiyo sababu behentrimoniamu, ambayo kichwa cha molekuli yake kina chaji chanya, huushika unywele na sehemu yake hubaki hata baada ya kusuuza. Tena hushika zaidi pale unywele ulipochakaa, kama vile kwenye ncha, au kwenye nywele zilizopaushwa rangi kwa kemikali, kwa kuwa hapo chaji hasi ni nyingi zaidi. Lakini unywele mkavu unapochanwa kwa plastiki hupoteza elektroni na kubaki na chaji chanya, huku hasi ikienda kwenye chanuo, sawa na lile zoezi la darasa la fizikia ambapo rula iliyosuguliwa kichwani huvuta vipande vya karatasi. Kama kazi ya kiambato ingekuwa kufuta chaji kwa chaji tu, kuongeza kitu chenye chaji chanya juu ya unywele wa namna hiyo kusingesaidia chochote.

Msaada unatoka kwingine. Mkia wa molekuli hii una kaboni 22, ni wa mafuta, nao hulala juu ya unywele na kuufanya uteleze. Msuguano ukipungua, elektroni zinazohama kutoka kwenye unywele kwenda kwenye chanuo hupungua pia. Vilevile tabaka hilo jembamba, pamoja na ioni zake (chembe zenye chaji) na unyevu kidogo linaoushika, huiwezesha chaji iliyokwisha kuzalishwa kusambaa na kupotea badala ya kukwama mahali pamoja. Hewa kavu huzuia jambo hili la pili, kwa sababu unywele usio na unyevu haupitishi umeme kwa urahisi, na ndiyo maana tatizo hutuelemea sisi wa kanda ya kati kuliko watu wa pwani.

Ili nione kwa macho yangu, niligawa nywele katikati kuanzia kwenye paji la uso hadi kisogoni baada ya kuziosha kwa shampuu ileile. Upande wa kushoto nilipaka kondishena, nikaiacha dakika chache, nikaisuuza. Upande wa kulia nilipaka mafuta ya nazi peke yake. Nilikausha pande zote kwa draya, kisha nikachana kwa chanuo lilelile jioni yenye upepo. Upande wa kulia ncha zilisimama, na chanuo nililoligeuza juu ya vipande vya karatasi laini lilivivuta papo hapo. Upande wa kushoto chanuo lilipita bila kukwama, nywele zikalala, na karatasi zilitikisika tu bila kuruka. Tofauti iliyonifurahisha zaidi nilikutana nayo sakafuni: vipande vifupi vya nywele zilizokatika upande wa kulia vilikuwa vingi kwa namna isiyohitaji kuhesabiwa. Siyadharau mafuta ya nazi, kwani hupenya ndani ya unywele na kuulinda wakati wa kuosha, na bado nayapaka kabla ya shampuu. Ila kazi hii ya umeme yameshindwa kuifanya peke yake.

Anayetaka kununua aangalie nafasi ya kiambato kwenye lebo. Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi, isipokuwa vile vilivyo chini ya asilimia 1, ambavyo huweza kupangwa kwa mpangilio wowote. Behentrimoniamu iliyotajwa baada ya manukato huenda ni ya kuonja tu. Setili na setearili alkoholi zisimtishe mtu, kwa sababu ni alkoholi za mafuta zinazoshirikiana na behentrimoniamu kuipa kondishena uzito wake, wala hazikaushi nywele. Ndugu wa behentrimoniamu, setrimoniamu kloridi, ambayo kwenye chupa huanza kwa herufi C, ina mkia wa kaboni 16. Ni nyepesi zaidi na hutumika sana katika dawa za kupulizia na krimu zisizosuuzwa. Sheria za vipodozi za Umoja wa Ulaya huruhusu setrimoniamu hadi asilimia 2.5 katika bidhaa za nywele zinazosuuzwa na asilimia 1 katika zile zinazoachwa, wakati behentrimoniamu huruhusiwa hadi asilimia 5 na 3 kwa mpangilio huohuo. Nimeviona viwango hivyo kuwa mwongozo mzuri kwa wanaotengeneza kondishena nyumbani na kujimiminia malighafi kwa kukadiria, jambo ambalo naliomba liachwe, kwani viambato vya kundi hili vikizidi huwasha ngozi na huumiza macho vibaya.

Kasoro zipo. Nikiipaka hadi kwenye ngozi ya kichwa, mizizi hulala na nywele huonekana nzito, hivyo naanzia katikati ya unywele kwenda kwenye ncha. Haifai kuchanganywa na shampuu kiganjani ili kuokoa muda, kwa sababu visafishaji vya kawaida vya shampuu vina chaji hasi, navyo hushikana na kiambato hiki na kuharibiana kazi. Kondishena ikiingia jichoni inachoma, kwa hiyo wakati wa kumwosha mtoto namwinamisha kichwa nyuma. Wala haiunganishi ncha zilizopasuka. Ncha hizo bado nazikata.

Kwa bei yake na kwa hewa ya hapa, naipa kondishena hii alama za juu na nimeshanunua chupa nyingine kabla ya ile ya kwanza kuisha. Mdogo wangu anayeishi Tanga aliniomba nimtumie, nikamshauri atafute yenye setrimoniamu badala yake: nywele zake ni laini na nyembamba, unyevu wa bahari humpunguzia umeme bila gharama, na kinachomsumbua ni vifundo vya baada ya kufumua misuko, kazi ambayo hiyo nyepesi inaimudu bila kumlaza nywele.