Kolo bila foleni: unalipia nini hasa?

Foleni ya kwenda Kolo haiko Kolo. Siku ya kawaida, ukifika kwenye kituo hicho cha michoro ya miambani ya Kondoa utakuta kitabu cha wageni mezani, mhudumu mmoja au wawili, na kama siku hiyo ina watu, gari jingine moja chini ya mti. Kwa hiyo ziara ya siku moja inayouzwa mjini Dodoma kwa maneno ya "utaongozwa na hutapanga foleni" inabidi ipimwe kwa mambo mengine: saa ya kuondoka, aina ya gari, na nani atasimama mbele ya mwamba kukueleza unachokitazama.

Msemo wenyewe umeazimwa. Kule Rome, Colosseum, ule uwanja wa kale wa Warumi, hairuhusu zaidi ya watu 3,000 ndani kwa wakati mmoja na tiketi zina saa zake. Kumlipa mtu akuondolee foleni ya dirishani kuna maana, ingawa hata huko foleni ya ukaguzi wa usalama utaipanga kama wenzako. Walioleta maneno hayo Dodoma wameongeza sentensi kwenye tangazo bila kuongeza kazi. Isipokuwa kwenye kitu kimoja, nacho kina thamani: malipo.

Kiingilio ni fedha ya serikali. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipia benki au kwa simu, ndipo stakabadhi itoke. Mtandao ukiwa sawa, ni dakika chache. Mtandao ukigoma, mtakaa barazani mkitazama jua linapanda. Mwandaaji anayejua kazi huomba majina na uraia wa kila mgeni siku mbili kabla, kwa sababu Mtanzania na mgeni wa nje hawalipi sawa, kisha analimaliza suala la malipo mapema na anakuja na stakabadhi mkononi. Hapo ndipo "bila foleni" inapokuwa kweli. Kabla ya kutoa advansi, muulize: "Stakabadhi ya kiingilio nitaiona lini?" Akianza kuzunguka mbuyu, mshukuru na utafute mwingine.

Barabara yenyewe haina shida. Ni lami tupu kutoka Dodoma hadi Babati, kilomita 251, iliyozinduliwa mwaka 2018, na inapita Mayamaya, Chemba na Kondoa. Kondoa mjini ni kama kilomita 160 kutoka Dodoma, na Kolo ni nyingine 20 hivi mbele, kuelekea Bereko. Kinachopoteza muda ni vijiji vya mwendo wa 50, na trafiki wa tochi wanajua vizuri dereva mwenye haraka anapojisahau wapi. Weka saa 3 kamili za barabarani, na nusu saa ya chai ya Kondoa. Ukiondoka saa 11 alfajiri, saa 2 na nusu uko Kolo, na saa 3 na nusu umeshafika chini ya kilima.

Kuna toleo la ziara hii linaloanza na Msikiti wa Gaddafi na Nyerere Square, picha kidogo, halafu ndiyo safari ya Kondoa. Lisikuvutie. Msikiti upo na hauendi popote, unaweza kuuona jioni yoyote. Lakini ukitoka Dodoma saa 4 utapanda kilima cha Kolo saa 8 mchana, jua la Irangi likiwa limekaa utosini, na utashuka mbiombio kwa kuogopa giza. Ukilipia ziara hiyo, vitu viwili unavipata nusunusu.

Sasa gari. Kutoka Kolo hadi chini ya Mungomi, kilima chenye michoro, ni kama kilomita 9 nje ya lami: njia nyembamba, mawe, na mto wa mchanga wa kuvuka. Huo mchanga una historia yake. Milima ya Irangi ililiwa na mmomonyoko kiasi kwamba mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Udongo ulioshuka kutoka kwenye makorongo yale mekundu unayoyaona njiani ndio uliojaza mito, na ndani yake ndimo Noah ya kukodi hukaa hadi tumbo linagusa chini. Kwa nje mchanga unaonekana mgumu kwa sababu jua limeukausha juu. Tairi likivunja gamba hilo, dereva akaongeza mafuta kwa hofu, gurudumu linajichimbia shimo lake mwenyewe.

Dai gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, na sema hivyo kwenye ujumbe wa maandishi, maana "gari kubwa" kwa wengine ni Noah iliyooshwa. Dereva mzuri hupunguza upepo wa matairi kabla ya kuingia mchangani, kutoka PSI 35 hadi 20 na kidogo, kisha hupita kwa mwendo ule ule bila kusimama wala kukata kona kali. Muulize kama ana pampu ya kurudishia upepo, kwa sababu matairi laini hayafai kwa lami ya kurudi Dodoma: yanachemka, na tairi linalochemka hupasuka. Chepe nalo liwemo.

Bei hatuiandiki kwa sababu hubadilika, lakini unaweza kuipima mwenyewe. Kwenda na kurudi, pamoja na njia ya vumbi, ni kilomita 380 hivi. Land Cruiser ya dizeli inayokwenda kilomita 8 kwa lita itataka lita 48. Zidisha kwa bei kikomo ya mafuta ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), ile inayotangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ongeza viingilio na malipo ya kiongozi wa kituo. Kinachobaki ni kukodi gari, dereva na faida ya mwandaaji. Gari lina gharama ile ile likibeba wawili au sita, kwa hiyo bei ya "kila kichwa" isiyoshuka mnapoongezeka ina kitu cha kujadili.

Tuje kwenye mwamba, maana ndio uliokutoa Dodoma.

Michoro ya Kondoa iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Eneo ni kubwa mno, kilomita za mraba 2,336, na mapango yenye michoro hukadiriwa kuwa kati ya 150 na 450, kwa hiyo ondoa wazo la "kuiona yote". Ziara ya siku moja huenda Mungomi wa Kolo na mapango mawili jirani yake, ambayo kwenye vitabu huandikwa B1, B2 na B3. Neno pango nalo lisikudanganye. Hayana giza wala popo wa kuogofya. Ni majabali yaliyoinama mbele kama ukingo wa paa la nyumba, na michoro iko ukutani chini ya ukingo huo, ambako mvua haifiki. Kupanda ni kati ya nusu saa na saa moja kutegemea miguu yako, na sehemu ya mwisho ni mawe matupu. Viatu viwe vya kushika. Kandambili zirudi kwenye gari.

Mgeni anayesimama mara ya kwanza huona madoa ya kutu. Yape macho yako dakika 5. Kwanza hutokea twiga, kwa sababu ya shingo. Kisha pofu, yule swala mkubwa, kisha watu: warefu, wembamba kama mabua ya mtama, miili imechorwa kwa mistari, vichwani wana kitu kama mitindo ya nywele au mapambo. Rangi ni wekundu wa mawe yenye chuma yaliyosagwa na kuchanganywa na kitu cha kugandishia kama mafuta ya wanyama. Mchoro unaozungumzwa kuliko yote una watu watano. Wa katikati ameshikwa mikono, wawili upande huu na wawili upande ule, na vichwa vya upande mmoja vinaonekana kama vimevaa vinyago. Viongozi wengi watakwambia ni mwanamke anatekwa. Wengine huuhusisha na simbo, ngoma ya Wasandawe ambamo mchezaji hupagawa na kuwa kama simba. Wasandawe bado wapo, upande wa Kwa Mtoro wilayani Chemba, na lugha yao ina vidoko. Kiongozi anayekupa maelezo yote mawili na kukuacha utazame ni bora kuliko anayekupa moja kwa sauti ya hakimu.

Juu ya wekundu, mahali pengine, utaona weupe mnene uliopakwa kama kwa kidole: maumbo ya duara, wanyama wazito wasio na madaha. Huo ni mkono mwingine na wakati mwingine, na huhusishwa na wakulima wa Kibantu waliokuja baadaye. Weupe ukikaa juu ya wekundu, wekundu ulitangulia. Mwambie kiongozi akuoneshe mahali rangi hizo mbili zinapokutana, ndipo ukuta unaposomeka. Akikutajia umri wa mchoro kwa mwaka kamili, mpunguzie alama, kwa sababu hakuna tarehe iliyokubaliwa na watafiti wote. Ambacho kina tarehe ni kazi ya Mary Leakey, aliyekaa hapa mwaka 1951 akinakili michoro kwa mkono.

Kosa kubwa kuliko yote kwenye ziara hizi hufanywa kwa nia njema. Mgeni analalamika haoni, mtu anafungua chupa ya maji na kuumwagia mwamba. Wekundu unang'aa, simu zinatoka, kila mtu anafurahi. Maji yale yanayeyusha chumvi zilizomo kwenye jiwe, na yanapokauka chumvi inabaki usoni mwa mwamba: kwanza kama utando mweupe, baadaye inaisukuma rangi hadi inabanduka vipande. Mwandaaji anayeruhusu hilo hastahili nyota hata moja, hata kama gari lake lina kiyoyozi. Njia sahihi ipo. Piga picha mwamba ukiwa kivulini, bila mwanga wa flashi, simu ikiwa imetulia, kisha ipitishe kwenye DStretch, programu iliyotengenezwa kwa ajili ya michoro ya miambani. Chaguo za LRE na YRE huvuta wekundu uliofifia hadi unaona miguu ya pofu ambayo jicho halikuiona kabisa. Kiongozi mwenye programu hiyo kwenye simu ameelewa kazi yake.

Msiguse ukuta, na msipige miguu chini mbele yake, kwani vumbi linaloruka hutua kwenye rangi na kugandia. Mashimo mtakayoyaona mahali pengine kwenye sakafu si yote ya watafiti. Hadithi ya dhahabu inayodaiwa kufichwa na Wajerumani bado inachimbiwa.

Mungomi pia ni mahali pa kuombea. Wenyeji hupanda kwa ajili ya mvua na uganga, na pombe au mafuta hupakwa au kutemwa kwenye jiwe. Wahifadhi hawalipendi hilo, lakini imani hizo hai ni sehemu ya sababu za UNESCO kuliorodhesha eneo. Ukikuta chungu, kitambaa au majivu, acha yalivyo, na uulize kabla ya kupiga picha. Ukikuta watu, kaa pembeni, salimia, ngoja.

Kuhusu kiongozi: anayetoka na ninyi Dodoma mara nyingi ni dereva mwenye maneno mazuri, na haitoshi. Anayehitajika ni wa kituo cha Kolo, na malipo yake yaandikwe wazi kama yamo kwenye bei au yako pembeni. Yakiachwa hewani, mwisho wa siku mtabaki mnatazamana chini ya kilima, na aibu itakuwa yenu.

Wenye hamu zaidi huongeza Pahi, ambako michoro ya weupe ni mingi. Kwa siku moja inawezekana tu kwa walioondoka alfajiri. Fenga, yenye tembo aliyezungukwa na watu, iachieni siku ya pili na mlale Kondoa.

Chakula kwenye tangazo huitwa "chakula cha mchana cha asili", na kwa kawaida ni wali maharage wa mama ntilie, mzuri tu, ila uagizwe asubuhi mnapopita, la sivyo mtangoja uive. Maji bebeni lita 2 kila mtu, kilimani hakuna duka. Kondoa ni mji wa Waislamu wengi, kwa hiyo mavazi ya heshima yanarahisisha mazungumzo, na Ramadhani mchana mikahawa mingi hufungwa.

Alama zetu: 8 kati ya 10 kwa ziara ya alfajiri yenye gari la kuvuta magurudumu manne na kiongozi wa Kolo. 4 kwa ile inayopitia msikitini kwanza. Msimu bora ni Juni hadi Oktoba. Kati ya Desemba na Aprili nendeni, lakini dereva akitazama mawingu upande wa milima akasema "tushuke", shukeni hapo hapo hata kama B3 bado. Mvua si lazima iwanyeshee ninyi: ikinyesha juu huko, mto wa mchanga unashuka na maji mkiwa bado mnakauka jasho, na upande wa pili wa mto ndiko lami iliko.