Gereji ya magari ya umeme iliyomuulizia mume wangu

Jamani leo naandika na hasira, nikirukaruka mnivumilie. Nina kagari ka umeme, mtumba wa Japani, skrini mpaka leo inaongea Kijapani nimeshazoea. Gari lenyewe silisemi vibaya, nalipenda. Shida ilikuwa feni ya ndani, ile inayopuliza upepo wa AC. Mwezi wa kwanza au wa pili hivi, joto la Dar mnalijua, ikakata tu. Na gari la umeme halingurumi, kwa hiyo feni ikinyamaza hata pumzi ya mtoto aliyelala nyuma unaisikia. Nipo Mandela Road kwenye foleni, kushoto lori kulia lori, nifungue vioo tule moshi au nifunge tuive? Nikafungua.

Tukapita tuta, ikawaka. Kesho yake ikazima, tuta jingine, ikawaka. Ikafika mahali mtoto akiona tuta anapiga makofi, "mama gonga!" Mvua zilipoanza ndo ikawa balaa, maana bila feni kioo kinajaa ukungu, naendesha kwa mkono mmoja na mwingine nafuta na khanga.

Nikaenda gereji moja, siitaji, wana bango kubwa eti mabingwa wa magari ya umeme. Nikamwambia fundi mkuu, kaka, hii feni ikipita kwenye tuta inawaka, hata nikipiga teke chini ya dashibodi upande wa abiria inawaka. Hakunisubiri nimalize. "Mama, gari la mzee hili? Mpigie niongee naye, haya mambo ya volti mia tatu na ushee nikikueleza wewe nitakuchanganya tu."

Mzee gani? Gari nimenunua mimi, kwa hela ya duka langu na mkopo wa vikoba ambao bado unanitoa jasho, mume wangu hata kuchaji anaogopa!

Akachomeka kikompyuta chake dakika mbili, akarudi na uso wa msiba: kompresa ya AC imekufa, milioni mbili na laki tatu, nusu tangulizeni tuagize. Na elfu hamsini ya kupima nikalipa, risiti hakuna.

Sasa mie sio fundi lakini hata mie najua kompresa inapoza, feni inapuliza. Kompresa ikifa utapulizwa upepo wa moto lakini utapulizwa, mie sipulizwi kabisa. Na kompresa ndo inakula umeme wa betri kubwa, zile nyaya nene za rangi ya chungwa ambazo kama hujasomea usiguse. Feni inatumia betri ndogo ya volti 12 kama gari lolote la petroli. Volti mia tatu zimeingiaje hapa?

Natoka getini, kuna dogo anajifunza kazi pale akanisogelea huku anaangalia nyuma. "Mama samahani, ile ya tuta uliyosema. Hiyo ni kaboni zimeisha, vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye mota ya feni." Nikampa namba.

Jumapili akaja nyumbani. Akalala chini ya dashibodi miguu iko nje ya mlango, akaniambia niweke feni mwisho kabisa, akapima kwenye plagi yake: umeme unafika, feni kimya. Akaigonga kidogo na mpini wa bisibisi, ikazunguka. Akanitazama tu hakusema kitu. Akachomoa waya wa hasi kwenye betri ndogo, akafungua skrubu tatu, ikatoka kama katenga, ndani majani makavu ya mwarobaini. Kaboni zilikuwa mbili, moja imeisha mpaka imebaki kama ncha ya penseli, unga mweusi umejaa kila mahali. Haifiki inapotakiwa kugusa, gari likiruka tuta ndo inagusa, basi, siri yote hiyo. Akatoa kaboni za drili alizonunua Kariakoo, anasugua na msasa, anajaribisha, anasugua tena, zilipoingia akachomelea waya. Elfu arobaini pamoja na kaboni. Na wali alikula.

Sasa nyota nawapa ngapi? Nilianza na sifuri. Halafu nikasema dogo si wa palepale jamani, nikaweka moja. Nikapoa zaidi nikawaza labda kile kikompyuta hakiwezi kuona kaboni iliyolika, binadamu anakosea, nikaongeza ya pili. Na nikiwasifia sana mtamtafuta dogo wamfukuze, kwa hiyo msiende, au nendeni ila mkae getini.

Jana fundi mkuu kanipigia. "Mama, ile kompresa vipi, shemeji ameshasemaje?"

Shemeji! Kwa hiyo hata jina langu hukuandika popote, ila mume wangu ambaye hujawahi kumuona umeshamfanya ndugu? Nyota zote nimefuta, na elfu hamsini yangu naitaka.

Feni inafanya kazi. Inalia kidogo, dogo kasema kaboni mpya zikishakaa itaacha. Anayelalamika ni mtoto tu, kanuna, eti matuta siku hizi hayafanyi kitu.